Lushoto hadi Lukozi: siku nzima kwa miguu kwenye njia za wabeba kabichi

Njia ndefu inayokata milima ya Usambara Magharibi, kutoka mji wa Lushoto hadi kijiji cha Mtae kwenye ukingo wa kaskazini, haina bango la kuanzia wala la kumalizia. Hakuna rangi iliyopakwa kwenye mawe kumwonyesha mgeni pa kukunja, wala kibanda cha kupumzikia kila baada ya mwendo wa saa mbili. Ukimuuliza mtu wa stendi ya Lushoto njia ya kwenda Mtae kwa miguu inaanzia wapi, huenda naye akakuuliza: kwani basi limekosa nini?

Ana haki ya kuuliza. Mabasi ya Mtae yapo. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1990 Bodi ya Utalii Tanzania na shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, walianzisha mpango wa utalii wa utamaduni, na tangu hapo safari hii ya siku tatu hadi tano imekuwa ikiwaleta wageni kutoka Ulaya na Marekani mwaka hadi mwaka. Wanalala Lukozi, wanalala Rangwi, wanafika Mtae miguu ikiwa imevimba na nyuso zimechangamka. Hatua ya kwanza, ya Lushoto hadi Lukozi kupitia msitu wa Magamba, ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa Tanga, Muheza au Dar es Salaam mwenye wikiendi moja tu ya kuitumia.

Wengi wetu tukisikia kupanda mlima tunafikiria Kilimanjaro: lango, kibali, wapagazi, njia ya Marangu na vibanda vyake, njia ya Machame na mahema yake. Ulaya nako kuna njia kama ile ya kuzunguka Mont Blanc, kilomita zipatazo 170 zinazopita Ufaransa, Italia na Uswisi, yenye vibao kila njia panda. Hizo zinatunzwa kwa ajili ya watembeaji. Za Usambara zimepigwa na watu wenye shughuli zao: anayewahi soko, anayekwenda kliniki, mtoto anayekimbilia namba shuleni, mama mwenye kuni kichwani. Mtembeaji anaazima njia yao kwa siku moja, na anachokiona humo kinategemea kazi gani inafanyika mlimani wiki hiyo.

Mkonge, reli na kona za Soni

Anayetoka Tanga mjini huiona milima muda mrefu kabla ya kuifikia. Basi linapita Muheza, linakunja Segera, linaingia Korogwe, na mkono wa kulia safu ya Usambara inabaki imesimama, mara nyingi ikiwa na wingu begani. Kandokando ya barabara ni mashamba ya mkonge. Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika pwani ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoupa mkoa wa Tanga jina lake duniani.

Mwaka huohuo wa 1893 ndipo ujenzi wa reli ulipoanzia Tanga. Reli ilijikokota chini ya milima kwa miaka mingi, ikapita Korogwe na Mombo, na kufika Moshi mwaka 1911. Haikupanda Usambara. Iliambaa tu na miguu ya milima, na kazi ya kupandisha watu na kushusha mizigo ikabaki kwa njia za miguu, na baadaye kwa barabara ya Mombo hadi Lushoto.

Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 33 tu, lakini ndani yake mna mwinuko wa karibu kilomita nzima. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto ni kama mita 1,400. Dereva anapiga kona moja baada ya nyingine juu ya bonde la mto, masikio yanaziba, na kabla ya Soni abiria wameshaanza kufunga madirisha. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo aliyeondoka Tanga akijipepea kwa gazeti anashuka Lushoto akitafuta sweta. Juni na Julai ni baridi hasa, na jioni moshi wa kuni hulala chini kwenye bonde la mji.

Wajerumani waliupenda ubaridi huo. Mji waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, wakaufanya makao ya wilaya, na Waingereza waliowafuata nao wakaufanya mahali pa kulikimbia joto la pwani. Nyumba za mawe, miti ya mapeasi na ya plamu, na makanisa yenye minara ni masalia ya nyakati hizo.

Hodi kwa wenye mlima

Kutoka mjini mwendo unaanza kwa kupanda, na unaanza mapema. Waongozaji wa Lushoto hupenda kuondoka jua likiwa bado laini, maana saa mbili za mwanzo ndizo za jasho. Wengi hupitisha wageni Kwembago, kijiji cha kale cha Wakilindi, ukoo wa watawala wa Usambara, kilicho mlimani juu ya mji, na hapo ndipo hadithi ya Mbegha husimuliwa.

Mbegha alikuwa mwindaji kutoka nchi ya Nguu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 aliingia Usambara, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akagawa nyama, akaamua magomvi, na mwishowe Wasambaa wakampa utawala, makao yakawa Vuga. Ndivyo masimulizi yanavyoeleza, na ndivyo yalivyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kupigwa chapa mwishoni mwa karne ya 19. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala nchi iliyoteremka kutoka milimani hadi karibu na pwani.

Wageni wa wakati huo hawakujipandia tu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 kumwomba Kimweri ruhusa ya kufanya kazi katika nchi yake. Richard Burton na John Hanning Speke walipanda kutoka Pangani mwaka 1857, nao wakafikia barazani kwake. Mlima ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na utaratibu wa kupokea watu.

Utaratibu haujaisha, umebadilisha ofisi. Leo mtembeaji hulipia kibali cha kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na huchukua mwongozaji kutoka kwenye moja ya vikundi vya mjini. Mwongozaji hufanya kazi ambayo simu haiwezi. Njia za hapa zinagawanyika kila baada ya hatua mia: moja inashuka kisimani, nyingine inaishia kwenye shamba la mtu, ya tatu ndiyo yenyewe. Tena anajua kusalimia. Asubuhi ni "Onga mahundo," jua likishapanda ni "Onga mshi," na mzee aliyekaa mlangoni kwake hapitwi kimya. Mgeni akipita bila salamu kwenye uchochoro uliokatiza katikati ya nyumba mbili, ametembea uani kwa watu kama mwizi.

Ndani ya Magamba

Juu ya mji mikaratusi na mivinje ya kupandwa inafuatana na mashamba madogo ya mahindi na maharage. Kisha, pasipo onyo, mwanga unapungua. Udongo mwekundu unakuwa mweusi, hatua zinaacha kusikika kwa sababu ya majani yaliyooza, na matawi yamevaa ndevu za kijani zinazodondosha maji hata siku isiyo ya mvua. Huu ndio msitu wa Magamba, wenye sehemu zinazopanda zaidi ya mita 2,000.

Maji hayo yanatoka baharini. Upepo wa Bahari ya Hindi unapita juu ya Tanga ukiwa na unyevu, unagonga ukuta wa Usambara, unalazimika kupanda, unapoa na kuacha mvua na ukungu mlimani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mamilioni ya miaka. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya miamba mikongwe inayoanzia Taita, Kenya, na kuishia Udzungwa na Mahenge kusini mwa Tanzania. Bara la Afrika lilipopita katika vipindi virefu vya ukame na misitu ya bara ikakatika, milima hii iliendelea kunyweshwa na bahari. Misitu yake ikabaki kama visiwa, na viumbe waliobaki ndani wakawa wa kwao peke yao.

Ndege mmoja mdogo wa kahawia anayejulikana kwa wataalamu kama Sheppardia montana haishi popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi, na yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Anaruka chinichini karibu na ardhi, kimya, na watu wanaosafiri nusu ya dunia kumtafuta huweza kupitwa naye pembeni ya njia. Hondohondo hana aibu hiyo: mbawa zake husikika kabla hajaonekana. Mbega weusi kwa weupe hukaa juu kabisa, mikia ikining'inia, wakiangalia wapita njia bila haraka.

Kinyonga ndiye anayehitaji jicho la mwenyeji. Mwongozaji anasimama ghafla mbele ya kichaka ambacho wengine wote wameshakipita, ananyoosha kidole, na bado hakuna anayeona kitu. Kisha tawi moja linapepesa jicho. Ni dume mwenye pembe mbili zilizotokeza mbele ya pua, ngozi yake ina vijiduara kama kokoto, na jicho moja linamtazama mwongozaji huku la pili likifuata inzi upande mwingine. Anapohamisha mguu, anaupeleka mbele, anaurudisha, anaupeleka tena, halafu ndipo anakamata. Wapo Wasambaa wengi, kama Waswahili wengine, wasiotaka kumgusa. Kwa wanasayansi ana jina la Kinyongia multituberculata. Kwa miaka mingi walimhesabu pamoja na ndugu zake wa Usambara Mashariki, hadi uchunguzi wa miaka ya 2000 ulipoonyesha kwamba bonde la Lwengera, linaloitenganisha milima hiyo miwili, limewafanya kuwa jamaa tofauti.

Msitu huu haukusalimika kwa kusahauliwa. Mkulo, mti mkubwa wenye gome linalonukia kafuri, ulipasuliwa mbao kwa miongo mingi, na huko Shume mtarakwa ulivunwa kwa mtaji wa kizungu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya waya wa kuning'inia kuteremsha magogo kutoka ukingo wa Shume, wakati huo ukiitwa Neu-Hornow, hadi stesheni ya reli ya Mkumbara chini kabisa tambarare. Mlima ambao reli ilishindwa kuupanda ukafungwa kamba, na miti ikashuka ikielea hewani kuelekea bandari ya Tanga.

Si mbao tu zilizoondoka. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau lililoota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata lilipewa jina la Saintpaulia. Leo aina zilizozalishwa kutokana na maua ya Usambara na milima jirani hukaa madirishani Ulaya na Amerika, na wanaoyamwagilia wengi hawajui Tanga iko wapi.

Vijiji vinavyouzunguka msitu navyo vina hesabu yao. Chemchemi zinazolisha mifereji na mabomba ya chini zinaanzia humu. Mwenye nyumba ya Lushoto akifungua bomba, au mkulima wa bondeni akigeuza maji kuyaelekeza kwenye karoti, anatumia ukungu ulionaswa na miti hii usiku. Hata Tanga mjini, kwa upande wa Usambara Mashariki, maji ya bwawa la Mabayani yanaletwa na mto Zigi unaotoka kwenye misitu ya Amani.

Mlima uliochorwa matuta

Kutoka msituni ni kama kutoka sinema mchana: jua linapiga usoni, na mbele kuna milima iliyokatwa vipande vya kila aina ya kijani. Kabichi, viazi, karoti, njegere, vitunguu. Sehemu nyingine mteremko ni mkali kiasi kwamba mkulima anapanda mbegu akiwa amesimama wima, mkono ukifikia ardhi bila kuinama sana.

Hapa ndipo wahenga walipopata haki ya kusema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Njia inateremka kwenye udongo uliolainishwa na nyayo za miaka, na baada ya mvua inateleza kama sabuni. Mgeni mwenye viatu vya bei mbaya anashuka kwa makalio. Kijana mwenye gambuti na mzigo wa karoti begani anampita akikimbia, anasema pole, anapotea kwenye kona.

Mteremko huo una kesi ya muda mrefu. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mradi wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, kaskazini mwa njia hii, na mwaka 1950 ikaupanua kuwa mpango wa Usambara nzima. Maofisa waliona udongo unasombwa na mvua, na katika hilo hawakukosea. Dawa waliyoiandika ilikuwa amri: kila mkulima achimbe matuta kwenye sehemu ya shamba lake, asipofanya ashtakiwe. Kazi ilikuwa nzito, na kwa sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa wanawake, ambao tayari walikuwa na jembe la chakula cha nyumbani. Watu wakagoma. Mwanahistoria wa Kimarekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti Usambara kuanzia miaka ya 1960, ameeleza jinsi upinzani dhidi ya matuta ulivyochanganyika na siasa za TANU na manung'uniko dhidi ya machifu waliotumwa kuisimamia amri hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya uhuru wa 1961, mpango ukaachwa.

Ajabu ni kwamba anayetembea leo anayaona matuta kila upande. Yalirudi kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa SECAP, uliofadhiliwa na Ujerumani Magharibi, ulifika Lushoto na mapendekezo ya kupanda majani ya guatemala kwa kufuata kontua, kuchanganya miti na mazao, na kufuga ng'ombe ndani badala ya kuwaachia mlimani. Majani yalizuia udongo na wakati huohuo yakalisha ng'ombe. Ng'ombe akatoa samadi. Samadi ikaenda kwenye kabichi. Mkulima akaona faida msimu uleule. Soko la mboga lilipokua, kipande cha ardhi kilichosawazishwa vizuri kikawa na thamani ya fedha taslimu, na watu wakachimba ngazi za udongo bila kusubiri kushtakiwa.

Kazi haijaisha. Mahali ambapo ngazi zimeachwa, mvua moja ya masika hufungua korongo jekundu katikati ya shamba, na njia ya miguu, ambayo juzi ilikuwa imenyooka, inalazimika kuzunguka. Mwongozaji aliyepita wiki mbili zilizopita hushika kiuno, hucheka, hutafuta pengine pa kupita. Ramani ya njia hii hurekebishwa kwa jembe na mvua.

Lukozi, mwisho wa miguu, mwanzo wa magurudumu

Kadiri Lukozi inavyokaribia, njia inapanuka na watu wanaongezeka. Wanaoshuka na wanaopanda wanapishana kwa adabu ya milimani: mwenye mzigo ana haki ya upande wa ndani, asiye na mzigo anasogea ukingoni. Bodaboda zinasikika. Kisha paa za bati, msikiti, maduka ya mbolea na viuatilifu, na Fuso zimepangana zikisubiri.

Lukozi ni mahali ambapo mboga za mlimani zinabadilisha usafiri. Zimefika kwa kichwa, kwa bega, kwa punda, kwa pikipiki. Kutoka hapa zinaondoka kwa lori kwenda Tanga na Dar es Salaam. Na hapa ndipo mtembeaji anapoweza kuona lumbesa ikizaliwa.

Gunia limesimamishwa, limejaa hadi mdomoni, na kwa mtu wa kawaida kazi imekwisha. Mpakizi ndiyo kwanza anaanza. Anashindilia kwa ngumi na goti, kisha anaanza kujenga juu ya mdomo: anapanga mduara wa viazi vikubwa ukingoni, anajaza vidogo katikati, anapanga mduara mwingine mdogo zaidi, huku mwenzake akipitisha kamba kwa sindano ndefu ya gunia kutoka upande mmoja hadi mwingine, msalaba juu ya msalaba. Wavu wa kamba unapokazwa, gunia lina kichwa na mabega. Kinachohesabiwa ni kimoja: gunia. Kilichomo ni gunia na nusu, pengine zaidi.

Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo huendesha misako na kutoza faini. Lakini mazao yananunuliwa kwa gunia shambani na kuuzwa kwa kilo au kwa fungu mjini, kwa hiyo kila kiazi kilichosimama juu ya mdomo wa gunia kimehama kutoka mfuko wa mkulima kwenda mfuko wa mtu mwingine njiani. Mkulima analijua hilo vizuri. Analijua pia kwamba kabichi iliyokatwa leo haisubiri mnunuzi wa kesho kutwa, na dalali naye anajua kwamba mkulima anajua.

Mtembeaji aliyechoka hoi, aliyelalamika asubuhi kwa mkoba wenye chupa ya maji na koti, anaangalia vijana wawili wakimtwisha wa tatu gunia hilo alipeleke hadi kwenye bodi la Fuso. Njia aliyoitembea kwa siku nzima kama burudani, wengine wameitembea kwa mwendo wa nusu siku wakiwa na bidhaa kama hiyo iliyo kichwani mwa kijana huyo.

Kinachobaki kwa mwenyeji

Utalii wa miguu unaacha fedha, ila si kwa kiwango kimoja kila mahali. Kibali kinaingia kwa wakala wa misitu, malipo ya mwongozaji yanakwenda kwa kikundi cha mjini, na gesti ya Lukozi inapata kitanda na sahani ya wali maharage. Kati ya vituo hivyo kuna vijiji ambavyo njia inapita na mgeni anapita nayo, akiacha salamu tu. Baadhi ya vikundi vya Lushoto vimejaribu kuziba pengo hilo: kununua chakula cha mchana kwenye nyumba za njiani badala ya kubeba mkate kutoka mjini, kuchangia madawati, na, kama wanavyofanya Friends of Usambara, kuendesha vitalu na kupanda miti pamoja na vijiji.

Tishio kubwa zaidi kwa njia yenyewe halina ubaya wowote kwa wakazi. Barabara za vijijini zinachongwa, bodaboda zinafika ambako zamani ni miguu tu iliyofika, na mzigo uliokuwa ukichukua saa tatu kichwani sasa unachukua dakika ishirini. Njia isiyokanyagwa hufungwa na magugu katika misimu michache. Waongozaji wameshaanza kubadilisha mapito ili wageni wasimeze vumbi la pikipiki, na sehemu nyingine wanakata wenyewe kwa panga njia ambazo mababu zao walizikata kwa nyayo.

Anayetaka kwenda achague Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei kuufanya udongo kuwa utelezi mtupu. Viatu viwe na meno, sweta na koti la mvua visikosekane hata kama Tanga inaungua kwa joto, na mwendo upangwe ili msitu umalizwe kabla ya ukungu wa mchana. Wanawake na wanaume wavae kwa heshima. Vijiji hivi ni vya Waislamu na Wakristo waliozoea staha. Picha ya mtu ipigwe kwa ruhusa yake, na shamba lisikatizwe hata kama linafupisha safari.

Mwenye siku moja anaweza kurudi Lushoto kwa gari jioni hiyohiyo kutoka Lukozi. Mwenye siku zaidi ataendelea kesho yake hadi Rangwi, ambako masista wa Kikatoliki hupokea wasafiri, na keshokutwa hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Huko mvua za bahari zimeshaishiwa nguvu: upande mmoja ni mashamba ya kijani, upande wa pili ardhi inadondoka zaidi ya mita 1,000 hadi tambarare kavu ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, na siku ya anga safi milima ya Upare na Kilimanjaro huonekana. Basi la kurudi huondoka Mtae kabla ya alfajiri, na nafasi hushikwa jioni ya jana yake, maana wenye magunia huwahi kuliko wenye mikoba.